Mikorosho ya Mkwe

"Simamisheni! Simamisheni kisomo, mtaniulia baba!"

Waliotaka kuuliza sauti ile ni ya nani, hawakuwahi kuuliza. Ni Kudra. Mke wa Tamimu fundi baiskeli, binti pekee wa Mzee Mshamu Kibwana. Alikuja mbio kutoka kwake, kanga ya juu imebaki njiani, akaingia uwanja wa msikiti wa Mikoroshoni mpaka katikati ya majamvi ya wanaume. Pale hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo.

Mwalimu Khamisi alinyamaza kinywa wazi. Moshi wa ubani ukaendelea kupanda peke yake.

Kisomo chenyewe kilikuwa halbadiri, na halbadiri si kitu cha mchezo. Ukisomewa kwa haki huponi. Watu wa Mikoroshoni, hapa pembeni mwa Kibiti, waliamua kuisoma Ijumaa ile baada ya sala kwa sababu moja tu. Kampuni kutoka Dar es Salaam ilikuwa imepiga bikoni za mipaka kuzunguka kitongoji chao chote, nyumba, mikorosho na makaburi. Ilitaka kujenga kituo cha malori. Pampu za mafuta huku, gesti kule, baa katikati. Barabara ya kusini inatengenezwa, daraja litakuja Ndundu, biashara huria imefunguliwa, anayechelewa shauri yake.

Walipokwenda kuuliza waliambiwa, "Eneo tumeuziwa na mwenyewe."

Mwenyewe nani? Hawakutajiwa. Basi wakasema, kama watu hawataji, Mungu atataja.

Na aliyetoa shauri hilo, akanunua ubani na kumleta beberu wa sadaka, ni Tamimu.

Sasa Tamimu alimtazama mkewe kana kwamba hajawahi kumwona.

"Mama Warda," alisema polepole. "Umesema baba. Baba gani?"

Lilikuwa swali la kipumbavu na mwenyewe alilijua. Kudra ana baba mmoja. Na baba huyo alikuwa ameketi safu ya mbele, goti kwa goti na Tamimu, kanzu ya Idi mwilini, tasbihi mkononi.

Mzee Mshamu! Mndengereko wa asili, mwenyeji wa mahali pale, aliyewapokea Wamatumbi walioshuka kutoka milimani na jembe begani, akawaambia jengeni. Mzee aliyesimama mkutanoni juzi juzi akasema, "Mimi nitatoka hapa nimebebwa kwenye jeneza." Tamimu alilia siku ile. Baba yake mzazi alipokufa, Mzee Mshamu ndiye aliyeshika nafasi.

Mzee alicheka.

"Mtoto ana homa huyo. Tangu juzi anaweweseka. Mwalimu, endelea. Tamimu, mpeleke mkeo nyumbani akalale."

Watu wakashusha pumzi. Tamimu naye akashusha. Alitaka sana iwe homa. Alikwisha nyoosha mkono amshike mkewe.

Kudra akaukwepa.

"Sina homa, baba. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyepika."

"Ulipika nini?" Tamimu aliuliza.

"Wali wa nazi na kamba. Siku ile niliyokwambia kwa baba kuna hitima."

Tamimu aliikumbuka vizuri. Jioni ile mkewe alirudi na sahani imefunikwa kawa. Kamba wakubwa wa Salale, wekundu, wananukia ndimu. Alikula mpaka akalamba vidole, kisha akawaombea marehemu. Kumbe marehemu walikuwa wao. Alikuwa ameila karamu ya kuuzwa kwake mwenyewe.

"Ulinipa nikala," alisema.

"Nilikupa."

"Nikasema alhamdulillahi."

"Ulisema."

Hapo Bwanaheri akainuka. Bwanaheri ni jirani wa Tamimu, ukuta kwa ukuta, mpasua mbao, mtu wa mabega na sauti. Alimnyooshea mzee kidole, jambo ambalo siku nyingine lingempatia makofi.

"Mzee Mshamu! Sema kwa mdomo wako. Umetuuza?"

Mzee Mshamu aliinuka kwa kujisukuma na fimbo. Macho yake yana mtoto wa jicho, huona watu kama vivuli. Alikung'uta kanzu, akamtafuta Bwanaheri kwa sikio.

"Sikuwauza ninyi. Ninyi si mbuzi. Nimeuza changu."

Uwanja ukalipuka. Mmoja alisema astaghafirullahi, wa pili akatukana, Mwalimu akapiga mkono chini kuwatuliza.

"Chako kipi?" Bwanaheri alifoka. "Mikorosho ya nyuma kwangu nimeipanda kwa mikono hii!"

"Wewe Bwanaheri ulisema mwenyewe, mchana kweupe, kwamba mikorosho ile ni yangu. Mlisema wote, wake kwa waume. Au mmeusahau mwaka wa ubwiri?"

Hakuna aliyekuwa ameusahau. Mwaka ule ugonjwa wa ubwiri unga uliipaka mikorosho ya Mikoroshoni weupe kama majivu, maua yakakauka juu kwa juu. Dawa yake ni salfa. Lakini chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, na salfa imeachwa mikononi mwa wafanyabiashara. Nao walitoa kwa wakulima wakubwa tu. Mikoroshoni hakukuwa na mkulima mkubwa. Huyu ana mikorosho ya uani, yule ana ya nyuma ya choo.

Ndipo mtu mmoja mwenye akili akasema, mbona rahisi. Wakija kuhesabu, tuseme yote ni ya Mzee Mshamu. Shamba moja, mtu mmoja.

Wahesabuji wakaja, wakapita mti kwa mti. "Huu wa nani?" Wa Mzee Mshamu. "Na huu?" Wa Mzee Mshamu. Wanawake walijibu wakiwa wamefunika midomo kwa kanga ili wasicheke. Salfa ikaja, na bomba la kupulizia likaja, miti ikapona. Ule uongo ulikuwa sherehe. Watu waliusimulia kwenye harusi.

Sasa, kwetu sisi ardhi haina maandishi. Mgeni hupewa mahali alime muhogo na ufuta, lakini mti wa kudumu hapandi mpaka awe na haki ya mahali pale. Mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Kila mtu anajua, mpaka mtoto wa chuo. Na watu wa Mikoroshoni, kwa midomo yao, walikuwa wameigawa miti yao yote kwa mtu mmoja.

Na yule mtu mwenye akili aliyetoa shauri lile la salfa alikuwa nani?

Tamimu.

"Ile ilikuwa ya salfa!" Bwanaheri alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mti hauna wa salfa na wa siku nyingine," mzee alijibu. "Mlinivika ukubwa, nikauvaa. Mlipovuna, nani aliniletea hata kibaba cha korosho? Mkawa mnapita barazani kwangu mnacheka. 'Shikamoo mkulima mkubwa!' Hata watoto. 'Shikamoo mkulima mkubwa!' Mimi nikaitikia marahaba. Basi mkulima mkubwa ameuza shamba lake. Kicheko kiko wapi?"

Tamimu alikuwa ameinamisha kichwa. Kwao Wamatumbi mkwe hajibizwi. Mkwe akikosea unatazama chini mpaka amalize, kisha unaondoka. Leo hakuondoka.

"Baba," alisema akitazama jamvi. "Mkutanoni ulisema utatoka hapa umebebwa."

"Nitabebwa. Kwenye Landikruza."

Mtu mmoja nyuma aliguna kama aliyepigwa ngumi. Bwanaheri hakuguna. Aliipokonya fimbo ya jirani yake akaruka jamvi la kwanza, akaruka la pili, fimbo juu.

Tamimu alisimama katikati. Fimbo ikatua begani kwake, kavu, paa!

"Toka, fundi!"

"Sitoki. Nipige mimi."

"Unamkinga aliyetuuza?"

"Namkinga babu wa mwanangu. Mzee hapigwi."

Bwanaheri alimtazama usoni. Walikuwa wamejenga pamoja, wamezika pamoja.

"Ni mkweo," alisema, "au ni mwenzako?"

Kabla Tamimu hajajibu, gari likaingia uwanjani na vumbi lake, likaegeshwa karibu na birika la udhu. Landikruza nyeupe. Mlango ukafunguka, akashuka Ismaily.

Huyu Ismaily alikuwa mpimaji? La. Alikuwa wakili? La. Huyu ndiye aliyeshika chaki mwaka wa ubwiri, aliyepita mti kwa mti akiuliza "huu wa nani?" Baadaye biashara ya salfa ikamshinda, akaenda Dar, akarudi akiwa mtu wa kampuni. Miwani myeusi, shati la kumeremeta, na simu ya mkononi iliyoning'inia kiunoni, ingawa Kibiti nzima mtandao wake ulikuwa haujafika. Alitembea nayo hivyo hivyo. Watu wakaitazama hivyo hivyo.

"Asalaam aleikum, wazee wangu."

Walioitikia waliitikia kwa shida.

"Naona mko ibadani, sitawakawiza. Nimekuja kwa heri tu. Katapila letu lilikuwa kusini kwenye kazi ya barabara, leo linarudi huku. Litaanza na mikorosho ya upande wa barabarani. Wenye vyombo nje waingize, wenye kuku wafunge. Nyumba zenu bado, tutazungumza kwa ustaarabu."

"Ustaarabu gani na katapila?" mzee mmoja aliuliza.

Ismaily alitabasamu, akageuka.

"Fundi Tamimu! Wewe kaa kwa raha zako. Bikoni za upande wako zitasogezwa zipite nje ya kwako. Nyumba, choo, mikorosho yako yote, mpaka kaburi la marehemu baba yako, hatugusi hata jani. Kwa mkweo walishika hapo hapo. Walisema bila hilo hakuna biashara."

Aliyasema kama mtu anayetoa zawadi.

Tamimu alihisi macho yakimgeukia moja moja, kama taa zinazowashwa. Hakugeuka kuyatazama. Hakuwa na haja. Aliyafahamu yote, alikuwa ameziba pancha za baiskeli zao tangu ujana wake.

"Kumbe!" Bwanaheri alisema. Alicheka kicheko kibaya. "Kumbe fundi kaziba pancha yake, zetu kaziacha zinatoa upepo!"

"Sikujua," Tamimu alisema.

"Salfa, shauri lako. Halbadiri, shauri lako. Beberu, wako. Nyumba iliyobaki, yako. Na hukujua."

"Wallahi sikujua, Bwanaheri."

"Usiape. Wenye viapo tumewaona leo." Akawageukia watu. "Jamani, sisi tulikuwa tunamtafuta mwizi, na mwizi ndiye aliyetushikia taa."

Hakuna aliyemtetea. Hata mmoja. Watu aliokuwa akiwaongoza tangu bikoni ya kwanza, aliokwenda nao ofisi kwa ofisi mpaka kandambili zikakatika, walikuwa wanasogeza majamvi yao yasigusane na lake. Kimya kimya tu, kama maji yanavyoukimbia ukingo.

Tamimu akaketi. Akamtazama Mwalimu.

"Endelea kusoma, Mwalimu."

Mwalimu Khamisi alitikisa kichwa. "Kisomo kimeingiliwa. Na mtu mwenyewe amekwisha jitaja. Tukifunge kwa dua, tuzungumze kama watu."

"Katapila linakuja, tutazungumza nini? Soma."

"Tamimu, halbadiri haichagui. Itamshika kila aliyetia mkono kwenye jambo hili. Huyu ni baba wa mkeo."

"Soma. Na jina langu litangulize. Kama nilijua, ianze na mimi. Watu hawa waone."

Mzee Mshamu aligonga fimbo chini.

"Soma, Mwalimu, usimwogope mtu. Mimi sikuiba, hainipati." Kisha akamgeukia Tamimu, na sauti ikawa laini, laini ya kutisha. "Lakini kwanza, mwanangu, muulize mkeo. Mimi sioni karatasi. Sioni wino. Dole gumba hili halikwenda peke yake. Muulize nani aliyenishika mkono akalipeleka."

Uwanja mzima ukamgeukia Kudra.

Alikuwa bado amesimama pale pale, mikono ameifunga kifuani. Tamimu hakumuuliza. Alingoja. Alikuwa anaomba, kwa moyo wake wote, aseme Ismaily. Aseme jirani. Aseme jini.

"Mimi," Kudra alisema.

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa amekwisha kubali. Nisingemshika mimi, angemshika Ismaily. Nikasema, kama ni hivyo, nyumba ya mume wangu itoke. Ismaily akakataa. Nikamwambia, basi kidole hakiendi. Akakubali." Akameza mate. "Nilikushikia nyumba yako, baba Warda. Na kaburi la baba yako. Nilikuona unavyolipalilia."

"Na majirani?"

"Majirani sikuolewa nao."

Kutoka ukutani, upande wa wanawake, Bi Sijaona mke wa Bwanaheri alipiga kite. Ni yeye aliyemzalisha Kudra, mvua inanyesha, kwa taa ya kibatari, wakati gari la kwenda hospitali lilipokosekana. Alimtazama Kudra kidogo, kisha akageuza uso kwenye ukuta na kubaki hivyo.

Tamimu alitaka kukasirika. Hasira ingemsaidia. Badala yake aliona tu sahani ile ya kamba, na mkewe amekaa kando yake anampepea nzi, anamtazama anavyokula. Alikuwa anajua. Alipepea na huku anajua. Wakalala kitanda kimoja na huku anajua. Alfajiri alimtengea maji ya kuoga aende akapigane na bikoni ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezipangia njia.

Aliyekuuza kwa ubaya unamchukia ukamaliza. Aliyekuuza kwa mapenzi unamfanya nini?

"Soma, Mwalimu," Tamimu alisema.

"Kudra yumo, Tamimu. Umesikia mwenyewe. Yumo."

"Nimesikia."

"Mwanangu..."

"Soma!"

Mwalimu Khamisi akafungua kitabu pale alipoachia. Majina ya mashahidi wa Badri yakapita moja baada ya jingine. Ubani ukaongezwa. Ismaily, aliyekuwa ameegemea gari lake, alivua miwani bila kujijua.

Alipofika kwenye shtaka, Mwalimu alilitamka kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. "Yeyote aliyetia mkono, aliyetia ulimi, aliyejua akanyamaza, katika kuitoa ardhi hii mikononi mwa watu wake."

"Amin," watu walisema.

Lakini sauti ya Tamimu ilikuwa juu ya zote. Aliisema mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Aliisema huku anamtazama mkewe.

Kudra naye alimtazama. Kisha akapiga magoti pale pale kwenye ukingo wa jamvi, akafungua viganja vyake kama wanavyofungua waombaji, na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumwambia mtu chakula tayari:

"Na mimi, amin."

Alikuwa amejiitikia mwenyewe.

Tasbihi ilimponyoka Mzee Mshamu. Yule yule aliyesema haimpati, aliyecheka, aliyetania jeneza na Landikruza, uso wake ulikuwa umegeuka kijivu.

"Kudra! Ondoa neno hilo! Ondoa, mwanangu, sema ulikosea!"

Kudra aliviacha viganja vyake wazi.

Mzee akaanza kupapasa hewani, akitafuta bega la Tamimu. Alipolipata aliteremka nalo, chini, chini, mpaka akafika magotini pa mkwewe. Watu walifunika nyuso. Mkwe kumpigia magoti mume wa bintiye! Afadhali kifo.

"Mtoe, Tamimu. Mimi niache niungue, nimekula chumvi nyingi. Mtoe huyu. Sina mwingine."

"Vunja biashara, baba."

"Nimevunja! Ismaily! Uko wapi? Nimevunja. Shuhudieni wote, nimevunja. Mikorosho si yangu, haikuwa yangu, ni ya watu hawa kila mtu na wake. Tulisema uongo tupate salfa. Nimesema!"

Sauti ya furaha ilianza kupanda nyuma. Bwanaheri hakuifurahia. Alikuwa anamtazama Ismaily, na Ismaily alikuwa anavaa miwani yake tena, bila haraka.

"Mzee wangu," alisema, "mimi sibishani na mtu aliye kisomoni. Vunja. Sawa. Lakini katapila lilivuka Ndundu tangu asubuhi, kwa pantoni ya kwanza. Mikorosho ikishalala chini na visiki vimeng'olewa, mtakwenda kumwonyesha hakimu nini? Kila mmoja atasema miti yangu. Miti ipi?"

Akafungua mlango wa gari.

"Mkiwahi kulisimamisha, hongereni. Mkichelewa, njooni tuzungumze habari ya kazi. Baa itataka wahudumu."

Landikruza ikaondoka. Vumbi lilipotua ndipo walipousikia. Mngurumo, mbali bado, upande wa barabara kuu. Mngurumo mzito wa lori lililobeba kitu kikubwa kuliko lenyewe.

"Barabarani!" Bwanaheri alipiga kelele. "Wote! Tukalale chini ya magurudumu, wanaume kwa wanawake! Halipandi juu ya watu!"

Watu waliinuka kama kundi la ndege. Majamvi yakakanyagwa, beberu akakata kamba. Bwanaheri akasimama mbele ya Tamimu.

"Fundi. Unakuja, au unabaki na bikoni zako?"

"Nakuja."

"Basi inuka."

Tamimu alikwisha weka kiganja chini ajisukume. Mwalimu Khamisi akamshika kiwiko.

"Ngoja. Kama unataka mkeo atolewe, ni sasa. Kitabu bado kiko wazi. Kwa nilivyofundishwa na mwalimu wangu, neno hurudishwa na yule aliyeshitaki, mkono wake juu ya kitabu, nisome kurudi nyuma mpaka mwanzo. Usinyanyuke mpaka nimalize. Ukinyanyuka kabla, neno limefunga. Halifunguliwi tena na mimi wala na mtu mwingine."

"Utachukua muda gani?"

Mwalimu aliutazama unene wa kurasa. "Mpaka karibu na alasiri."

Mpaka karibu na alasiri! Mpaka wakati huo katapila lingekuwa limemaliza upande wote wa barabarani na kuanza wa pili.

"Umesikia, Bwanaheri?" Mzee Mshamu alisema kutoka chini. "Mwacheni akae! Ninyi ni wengi, nendeni!"

"Tumesikia," Bwanaheri alijibu. "Na sisi tutahesabu barabarani. Nyumba yake ni salama, mkewe ndiye aliyeshika kidole. Na siku ya katapila, yeye amekaa kivulini na mkwewe anasomewa dua. Basi. Hatutahitaji halbadiri nyingine kumjua."

Akageuka akaondoka mbio. Uwanja ukabaki mtupu. Walibaki Mwalimu na kitabu chake, mzee aliyepiga magoti, na Kudra kwenye ukingo wa jamvi.

Mngurumo ulikuwa umekaribia. Sasa mtu aliweza kusikia minyororo inavyogongana.

"Weka mkono, Tamimu," Mwalimu alisema.

Tamimu aliunyanyua mkono. Ukabaki hewani, juu ya kitabu.

"Kudra," aliita.

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Warda alipozaliwa. Kudra aliinua macho. Alingoja ombi, alingoja tusi, alingoja lolote. Tamimu alilitafuta neno asilipate. Alitaka kumwambia kwamba bora Kudra angemweleza yote siku ile ile, kabla ya sahani. Kwamba wangepigana pamoja na wangeshindwa pamoja na isingekuwa kitu.

Kutoka barabarani zilipanda kelele za watu, na juu yake sauti ya Bwanaheri ikiita majina. Ilimwita kila mtu wa Mikoroshoni. Jina la Tamimu ililiruka.

Mkono ukashuka. Haukushuka kwenye kitabu.

Tamimu alisimama.

Mzee Mshamu hakuona, lakini alisikia jamvi linavyolia, akatoa sauti ambayo Mwalimu Khamisi hakuwahi kuisikia kwa mtu aliye hai.

Kudra hakulia. Aliinama kwenye ukingo wa jamvi, akazichukua kandambili za mumewe, akazigeuza zielekee nje, akamtengea mbele ya miguu.